Mrushaji wa Kaka

Mpaka leo sijawahi kutia mguu kwenye uwanja wa besiboli, na nikionyeshwa gongo lake nitadhani ni mchi wa kinu uliokonda. Lakini kwa misimu miwili, ule wa elfu mbili na sita na uliofuata, nilikuwa na timu yangu ya besiboli Amerika. Mwenyewe nilikuwa Erdington, kitongoji cha Birmingham, Uingereza, ghorofani juu ya kinyozi, na kila asubuhi kabla sijateremka kwenda kupanda treni ya mjini niliangalia kwanza wachezaji wangu wameamkaje.

Timu yenyewe ilikuwa ya kufikirika. Mchezo uko hivi: watu kumi na wawili mnakutana kwenye mtandao, kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli kutoka timu za kweli, anajiundia timu yake. Mchezaji wako akipiga mpira vizuri huko uwanjani, wewe unapata pointi. Akiteguka goti, mmeteguka pamoja. Na mnaruhusiwa kubadilishana wachezaji, mmoja kwa mmoja au wawili kwa mmoja, mtakavyopatana. Hapo kwenye kupatana ndipo niliponasa. Besiboli sikuijua, lakini kupatana bei nilianza kabla sijaota ndevu.

Aliyeniingiza ni kaka yangu. Alikuwa Ohio, kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na watu wengine kumi wa mchezo ule walikuwa wafanyakazi wenzake, Waamerika watupu. Kaka alikwenda Amerika kwa bahati nasibu ya viza, akiwa amevaa suti. Mimi nilitoka Unguja baada ya uchaguzi, na sikuvaa suti. Nilivuka kwenda Mombasa na watu wengine waliokuwa na haraka kama yangu, na kwa njia ambazo si za kusimulia hapa nikafika Birmingham, nikaomba hifadhi, nikapewa. Nikapewa na kitabu cha safari chenye jalada zuri tu, kinachokuruhusu kwenda nchi yoyote ya dunia isipokuwa ile unayotaka kwenda.

Basi ndivyo tulivyokuwa. Tumbo moja, vyama viwili. Kaka alikuwa mtu wa chama kinachotawala, tangu ujana wake, na kwa dhati, si kwa kutafuta ulaji. Mimi nilikuwa upande wa pili, na kwa dhati vilevile. Ulipokuja uchaguzi mwingine tukapigiana simu, na tusingepigiana ingekuwa heri.

"Nyinyi mliokimbia ndio mnaochafua jina la nchi," aliniambia.

"Na wewe uliyeondoka kwa bahati nasibu," nikamwambia, "jina la nchi umelipaka rangi gani?"

Akakata. Kadi ya simu ilikuwa yangu, kwa hiyo hata hasara ya kukatiwa ilikuwa yangu. Miezi ikapita hatusemezani. Mama, aliyekuwa nyumbani Unguja, alikuwa akinipa habari zake na kumpa zangu, kama posta.

Kisha siku moja, mwanzo wa majira ya joto ya kizungu ambayo hayana joto, nikaona barua pepe kutoka kwake. Haina salamu, haina hujambo. Mwaliko tu: fulani anakukaribisha kwenye ligi yake ya besiboli. Chini yake ameandika mstari mmoja kwa Kiswahili: "Siasa marufuku."

Nikakubali. Kwa nini nisikubali? Mkubwa akinyoosha mkono, hata akiunyoosha na gongo la besiboli, unaupokea.

Kwenye ukurasa wa ligi palikuwa na ubao wa maneno, mahali pa kutaniana, na sisi tukawa tunataniana kwa Kiswahili mbele ya Waamerika wote. Kaka hakuwa mwanagenzi. Alikaa na mchezo ule miaka, anajua nani anarusha kwa mkono wa kushoto na nani mkewe amejifungua jana kwa hiyo leo hatarusha sawasawa. Lakini kubadilishana hakujui. Yeye alikuwa mtu wa haki, anapima. Mimi nilikuwa mtu wa soko.

Kazi yangu ilikuwa kuuza masanduku ya safari. Nilikuwa na kibanda kwenye soko la wazi katikati ya mji, mabegi ya magurudumu yamepangwa makubwa kwa madogo, na kadi za simu pembeni. Kibanda cha pili kilikuwa cha Kalasinga mmoja wa Nairobi, mzee mwenye kilemba cha buluu, muuza vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi ya zamani na alikitumia kunitukana kwa upole siku nzima.

"Leo timu yako imekula ngapi?" ananiuliza.

"Imeshinda, mzee. Mpigaji wangu amepiga mpira mpaka nje ya uwanja."

"Mpira wenyewe umeuona?"

"Sikuuona."

"Mwanamume mzima anashangilia mpira hajauona. Halafu hiyo ni kriketi ya watu wenye haraka. Kama nataka haraka si naenda kupanda basi?"

Jumamosi usiku nyumbani tulikuwa tunaangalia yale mashindano ya kuimba kwenye televisheni. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi, alipiga kura kwa simu yangu ya mkononi, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza kwamba ni kura moja tu, baba. Bili ilipokuja haikuwa moja. Lakini nilikuwa nakaa naye mpaka mwisho, kwa sababu nilipenda kumwangalia aliyeshindwa. Jina la mshindi linatajwa, na yule mwingine anamkumbatia, anashukuru watu wote, anatoka mlango wa nyuma. Jumanne nilimwambia Kalasinga kwamba ule ndio ustaarabu.

"Kwetu aliyeshindwa anatokea Mombasa," nikasema.

"Na aliyeshinda?"

"Aliyeshinda anasema hakuna mtu aliyekwenda Mombasa."

Akacheka mpaka akashika meza. Maneno yale nilitamani kumwandikia kaka, kwa sababu nilijua hata yeye angecheka, hapo hapo angekasirika, lakini kwanza angecheka. Sikuandika. Siasa zilikuwa marufuku. Na kidogo kidogo nikagundua kwamba ukishapiga marufuku siasa, kwa watu wa kwetu umepiga marufuku karibu kila kitu. Huwezi kuuliza habari ya nyumbani, maana habari ya nyumbani ni nani amepata kazi na nani amenyimwa. Huwezi kuuliza kama mtu anafikiria kurudi. Vinabaki magoti na mabega ya watu ambao hamjawahi kupeana nao mkono. Tukawa tunayazungumza hayo, na kwa kweli tulifurahi. Sikujua kuwa tulikuwa na furaha inayopungua.

Msimu wa pili, mwezi wa Agosti, kaka akanitumia pendekezo la kubadilishana. Nililisoma, nikalisoma tena. Alikuwa ananipa mrushaji wake mkuu, kijana wa mkono wa kushoto ambaye timu yake yote ilisimama juu yake kama nyumba juu ya nguzo ya kati. Alitaka mpigaji wangu mmoja mzee, goti bovu, aliyekwisha kusema hadharani kwamba anastaafu.

Sasa nieleze jambo moja la sokoni, ili mjue nilikuwa na elimu gani siku ile. Mtu akikuuzia bila kubishana, kuna sababu. Ama mali ni ya wizi, ama ina ubovu usiouona, ama mwenyewe anaondoka. Unguja tulilijua hilo tangu watoto: ukiona nyumba inatoa kabati la mninga kwa bei ya kabati la mbao za sanduku, huulizi bei, unauliza wanahamia wapi. Mimi mwenyewe nusu ya mabegi ya kwanza niliyoyauza Birmingham niliyapata kwa Mpakistani aliyekuwa anafunga kibanda. Aliposhuka bei mara ya pili bila mimi kufungua mdomo, nikamuuliza, "Bwana, unarudi kwenu?" Akasema ndiyo, na machozi yakamtoka, nikamwagizia chai.

Hayo nilimuuliza mtu nisiyemjua. Kaka yangu nilimjibu hivi: "Ongeza mmoja."

Akaongeza. Mpigaji mzuri tu, wa kati, mwenye afya zake. Hakuuliza kwa nini.

Nikamwambia Kalasinga asubuhi yake, kwa majivuno.

"Ndugu yako anahama?" aliuliza, huku anakunja kitambaa.

"Ahamie wapi, mzee? Mtu yuko Amerika."

"Basi ni mgonjwa."

"Ni mjinga wa biashara tu. Tangu utoto."

Biashara ile haikupita kimya. Katika ligi ile, wachezaji wakibadilishwa, wengine wanapewa siku mbili kupinga, na wakipinga wengi inafutwa. Waamerika wakachachamaa. Waliona ndugu wawili wanazungumza lugha isiyosomeka halafu mmoja anamtupia mwenzake nguzo ya nyumba. Wakasema tumekula njama. Mmoja wao, fundi mwenzake kaka wa kiwandani, aliandika maneno ambayo nimeyabeba: kwamba anamfahamu kaka miaka mingi, na kaka anayemfahamu yeye asingetoa mrushaji yule hata akiwa usingizini, kwa hiyo ama ni udanganyifu, ama mtu amuulize jamaa kama yuko salama.

Watu baki walikwishaona. Na mimi nikafanya nini? Nikafanya kampeni. Nikakaa kwenye kompyuta ya binti yangu, nikaandika Kiingereza changu bora kabisa, aya tatu, nikaeleza kwamba sisi ni watu wa pwani, biashara kwetu ni mapatano ya hiari, mwenye mali akiridhika na mnunuzi akaridhika wa tatu hana neno. Nilitumia hata neno demokrasia. Mtu niliyeikimbia nchi kwa ajili ya kura, ile ndiyo kura niliyoipigania kwa nguvu zote nikiwa ughaibuni.

Kaka naye akaandika, kifupi: "Acheni. Nataka mdogo wangu awe naye." Wakapiga kura, biashara ikapita.

Jioni ile akaniandikia kwenye ubao: "Hivi huko kwako na uwanja wa ndege wa London ni mbali?"

Nikajibu: "Mbali kuliko timu yako na ubingwa."

"Haya bwana," akaandika.

Haya bwana. Aliyezaliwa kwetu anajua kwamba hayo si majibu, ni mlango unarudishwa taratibu usipige kelele. Lakini kwenye skrini maneno hayana sauti, na mimi nilikuwa nahesabu pointi.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, akanitumia ujumbe wa simu: "Mdogo wangu, nisamehe kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo. Na mimi nimekusamehe." Ujumbe wa namna hiyo kila Mwislamu wa pwani anaupata siku zile, ishirini, thelathini, kutoka kwa watu ambao hata hawakumbuki wamekukosea nini. Tunaombana radhi ili tufunge na mioyo mieupe. Lakini radhi hiyohiyo ndiyo anayoiomba msafiri akizunguka mlango kwa mlango, maana safari ni kwenda, kurudi ni kwa Mungu. Maneno ni yaleyale. Nilichukua yale ya Ramadhani. Nikamjibu, "Tumesameheana, kaka. Lakini mrushaji simrudishi."

Mwisho wa Septemba msimu ukaisha, nikawa bingwa. Nikaandika ubaoni majigambo ya kumtosha mtu mwaka mzima, nikasubiri kutukanwa. Kimya. Nikaona timu yake haijapangwa wiki nzima. Majeruhi wamekaa uwanjani, wazima wako benchi. Nikasema, amenuna. Mkubwa hapendi kushindwa na mdogo wake. Nikaona raha kidogo, na kuona raha huko nako sijakusahau.

Siku ya Idi nilitoka kuswali, nikakwangua kadi nikampigia mama. Simu ya mezani ya nyumbani ililia sana. Ikapokewa na sauti ya mwanamume.

"Alo."

"Alo, nani mwenzangu?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wewe umepiga simu kwetu, unauliza nani? Idi mubarak, bingwa."

Nikakaa kitako kwenye ngazi.

"Kaka, uko Unguja?"

"Niko hapa, nala tambi."

"Umekuja kutembea?"

"Nimekuja." Nikasikia sahani ikiwekwa chini. "Kiwanda kimefungwa tangu Juni. Nyumba wameichukua benki. Nikasema, ya nini, mama yupo, nyumba ya baba ipo. Nimerudi, yakhe. Kurudi kwa kurudi."

Nikamuuliza amepita njia gani. Akasema London. Ndege ilimshusha asubuhi, ya pili ilikuwa usiku.

"Kutwa nzima?"

"Kutwa. Nilikuwa nimefunga na safari yangu, maana ukaidi wangu unaujua. Nikafuturu kwa maji ya chupa na mkate mkavu, nimekaa karibu na dirisha kubwa naangalia ndege za watu."

"Kaka, mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza kama ni mbali."

"Hukusema unapita."

"Hukuuliza kwa nini nauliza." Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kushika. "Nikasema, huyu ana kibanda, Jumanne ni siku ya soko. Na mimi ndiye mkubwa. Nikubebeshe nauli uje kuniangalia nimefilisika? Halafu nikianza kueleza narudi nyumbani, wewe utaniuliza narudi kwa nani, kwa serikali ipi, tuanze tena. Nikaona bora nikupe yule kijana. Ulikuwa unampenda."

"Sikumpenda. Sijui hata sura yake."

"Ah," kaka akasema. "Basi ulinifanyia hasara."

Tukacheka wote wawili, na katikati ya kicheko mama akachukua simu, akaanza kuniuliza kama nimekula na mtoto kavaa nini. Nilimjibu yote. Nilikuwa nafikiria kwamba kaka hawezi tena kuja huku, nani atampa viza mtu aliyefilisika, na mimi kitabu changu hakiniruhusu kwenda kule. Kati ya nchi mbili zilizotufungia, palikuwa na kiti kimoja karibu na dirisha, mchana mmoja.

Sitadai kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu. Kaka naye alikuwa na mdomo. Lakini kusoma mtu anayeuza ndiyo kazi niliyokuwa naijua, na ndugu yangu nilimsoma kama mteja.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, soko limefungwa, niliteremka mjini nikatembea mpaka Digbeth, kwenye kituo cha mabasi ya masafa marefu. Dirishani alikuwepo mwanamke mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa mkufu. Nikamuuliza basi la kwenda uwanja wa ndege wa London linachukua muda gani. Akaniambia. Nikamuuliza la asubuhi kabisa linaondoka saa ngapi, na la mwisho la kurudi. Akaniambia. Nikahesabu kichwani, nikahesabu tena kuanzia nyuma, nikaongeza foleni ya barabarani, nikaongeza na kupotea ndani ya uwanja wenyewe, maana mimi ni mtu wa kupotea. Bado mchana ulibaki mrefu.

"Unasafiri lini?" akaniuliza, vidole viko tayari.

"Sisafiri," nikasema. "Ilikuwa mwezi uliopita. Jumanne. Nilitaka kujua kama kulikuwa na nafasi."

Alinitazama juu ya miwani yake. Nilidhani atamwita aliye nyuma yangu kwenye foleni. Badala yake akageuza uso kidogo, kama mtu anayekumbuka.

"Jumanne hayajai, mpenzi," akasema. "Yanakwenda matupu."